Mguso wa Pili: Tumwelewe Mtoto Aliye Mzito wa Kuelewa



Mpendwa msomaji, kila Jumamosi asubuhi, kabla joto la jiji halijapanda, watoto hukusanyika katika parokia za katikati ya Dar es Salaam kwa ajili ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Wengine wanaishi ghorofani Kariakoo. Wengine wazazi wao wana meza za biashara Mtaa wa Kongo. Wengine wameteremka daladala kutoka Mbagala au Gongo la Mboto, kwa sababu mama anafanya usafi katika ofisi za Posta na nyumbani hakuna wa kubaki nao. Sisi mafrateri tunaotumwa kusaidia mafundisho hayo tumegundua kwamba karibu kila kundi lina mtoto mmoja au wawili ambao hatujui tuwafanyeje.

Tuchukue mtoto mmoja wa mfano. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Ni mchangamfu, anajua daladala ipi inakwenda wapi, ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili. Lakini Kanuni ya Imani amefundishwa miezi mitatu na bado anakwama katikati. Shuleni anasoma kwa silabi, na akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake. Hana ugonjwa unaojulikana, wala ulemavu unaoonekana. Mwalimu anasema ni mvivu. Baba anasema anapenda mchezo. Wenzake wamekwisha kumpa jina: kilaza.

Somo letu la leo linamhusu mtoto huyu. Tunataka kuona ni nini kinachomsumbua, kwa nini shule na parokia humpita bila kumwona, na sisi tulio karibu naye tunaweza kufanya nini.

1. Mpaka unaozungumziwa ni upi?

Wataalamu wa saikolojia wana vipimo vya akili ambavyo majibu yake hutolewa kwa alama ziitwazo IQ. Vipimo hivyo vimepangwa ili wastani uwe 100, na watu wengi wawe kati ya 85 na 115. Mtu akipata chini ya 70 hivi, na pia akawa na shida kubwa katika mambo ya maisha ya kila siku, kama vile kujihudumia, kuwasiliana na kuishi na wenzake, ndipo husemwa ana ulemavu wa akili. Katikati, kati ya 70 na 85, kuna eneo ambalo wataalamu huliita uwezo wa akili wa mpakani. Mtoto aliye hapo hana ulemavu wa akili, lakini kila somo kwake ni mlima. Huelewa, ila hukawia. Hukumbuka, ila baada ya kurudiarudia. Jambo la kushika kwa mkono humwingia upesi kuliko jambo la kufikirika tu.

Watoto hawa si wachache. Kwa hesabu ya jinsi alama hizo zinavyogawanyika, karibu watu 14 katika kila 100 huangukia eneo hilo. Katika darasa la watoto 70, hao ni tisa au kumi. Hesabu hii ni ya makadirio, maana vipimo vingi vilitungwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya na Marekani. Hata hivyo inatosha kutuonyesha kwamba hatuzungumzii ajabu inayotokea mara moja kwa miaka kumi. Tunazungumzia dawati zima au mawili katika kila darasa.

Tena mpaka wenyewe umechorwa na wanadamu. Mwaka 1959 chama cha wataalamu wa ulemavu wa akili cha Marekani kilipanua maana ya ulemavu huo hata ukawaingiza watu wa mpakani. Mwaka 1973 chama hichohicho kikaurudisha mstari chini, hadi karibu na 70. Watu wengi walikuwa walemavu kwa karatasi ya jana, na kwa karatasi ya leo wakawa si walemavu tena. Wao hawakubadilika hata kidogo. Basi tutumie maneno haya ili tujue jinsi ya kusaidia, tusiyafanye muhuri wa kumpiga mtoto kwenye paji la uso.

Alfred Binet, Mfaransa ambaye pamoja na Théodore Simon alitoa kipimo cha kwanza cha namna hii mjini Paris mwaka 1905, alikuwa na nia hiyohiyo: kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni. Baadaye yeye mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichofungwa kisichoweza kuongezeka.

2. Somo kutoka Bagamoyo

Hatuna haja ya kwenda Paris kuona ukweli wa jambo hili. Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, walichapisha utafiti walioufanya kwa watoto wa shule karibu na Bagamoyo, mji ambao sisi Wakatoliki wa Tanzania tunauita mlango wa imani. Waliwapima watoto zaidi ya 300 kwa maswali ya kupanga vitu kwa makundi, kulinganisha, na kubahatisha kwa kuuliza maswali. Kisha wengi wao wakafundishwa kwa muda mfupi, usiofika saa moja, namna ya kuyakabili maswali ya aina hiyo. Halafu wakapimwa tena.

Watoto waliofundishwa walipanda. Tena mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini katika kipimo cha kwanza haukulingana sana na mpangilio wa kipimo cha pili. Maana yake, baadhi ya waliokuwa chini hawakukosa uwezo. Walikuwa hawajaonyeshwa njia. Kama tungewaamini kwa karatasi ya kwanza peke yake, tungekosea juu ya watoto wengi.

Hatusemi kwamba saa moja ya mafundisho huondoa ugumu wote. Mtoto wa mpakani ataendelea kuhitaji muda mrefu kuliko wenzake. Tunasema kwamba alama ya leo haitoshi kutabiri mwisho wa mtoto, na kwamba kufundishwa mara ya pili kuna matunda.

3. Kwa nini anapitwa bila kuonekana?

Mtoto mwenye ulemavu wa akili ulio wazi ana mahali pa kuanzia, hata kama hapatoshi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtambua. Hapahapa Kariakoo, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko hupokea watoto wenye ulemavu wa akili, wasioona na viziwi wasioona, pamoja na watoto wengine. Wapo pia walimu waliosomea elimu maalumu, kwa mfano katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha.

Mtoto wa mpakani hana mlango huo. Kwa elimu maalumu anaonekana mzima mno, na kwa darasa la kawaida anaonekana mzito mno. Mpango wa elimu bila malipo ulioanza mwaka 2016 ulifungulia wengi mlango wa shule, nasi tunashukuru. Lakini madarasa yalijaa, na mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake atakwenda na mwendo wa wale walio mbele. Anayebaki nyuma hubaki kimya.

Kimya hicho huanza mapema. Tathmini za Uwezo zilizofanyika nchini miaka ya mwanzo ya 2010 zilionyesha kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Haiwezekani watoto wote saba waliobaki wawe wa mpakani. Wengi wao walikosa ufundishaji tu. Na hapo ndipo mtoto wetu anapopotea: katika umati wa wasiojua kusoma, nani atamtambua yule ambaye anahitaji njia tofauti? Anahamishwa darasa baada ya darasa, hadi upimaji wa darasa la nne au mtihani wa darasa la saba umfichue mbele ya watu.

4. Chanzo ni nini, na nini kinafanana nacho?

Mara nyingi chanzo hakijulikani. Baadhi ya watu wamezaliwa hivyo, kama wengine walivyozaliwa warefu au wafupi. Lakini yapo mambo yanayojulikana kudhoofisha akili ya mtoto: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, upungufu wa damu na wa madini joto, pombe anayokunywa mama mjamzito, na lishe duni ya miaka ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Malaria nayo huacha alama. Watafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walichapisha mwaka 2008 kwamba kati ya watoto waliopona malaria ya ubongo, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kiakili miaka miwili baada ya kuugua.

Ndugu zangu, hakuna katika orodha hiyo dhambi ya mtoto. Hakuna laana ya ukoo wala kurogwa. Tuliseme hili kwa sauti katika jumuiya zetu, maana wapo wazazi wanaotumia fedha ya chakula kutafuta nani amemfunga mtoto wao akili.

Yapo pia mambo yanayofanana na uzito wa kuelewa lakini si wenyewe. Mtoto asiyeona ubaoni ataonekana mjinga. Asiyesikia vizuri ataonekana mkaidi. Anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala, akafika shuleni hajala, atasinzia saa nne. Mwingine ana kifafa cha kuduwaa kwa sekunde chache ambacho hakuna aliyekitambua. Mwingine ana akili kali, ila herufi humchanganya. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima macho na masikio, kisha kuuliza habari za usingizi na chakula. Baada ya hapo mzazi azungumze na mwalimu mkuu, na kwa njia yake amfikie afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Kwa anayeishi au kufanya kazi katikati ya jiji, huduma za afya ya akili za Muhimbili, Upanga, haziko mbali. Si kazi ya katekista, wala ya frateri aliyesoma mhula mmoja wa saikolojia, kutangaza kwamba mtoto fulani ana hali hii.

5. Fimbo na aibu

Mtoto wetu huchapwa kwa kukosa hesabu. Tuseme wazi kwamba hata kanuni za nchi haziruhusu hivyo. Kanuni za mwaka 2002 zinazungumzia makosa makubwa ya nidhamu, zinaweka kikomo cha viboko vinne, na zinamtaka mwalimu mkuu atoe adhabu hiyo mwenyewe au amruhusu mwalimu mwingine kwa maandishi. Kushindwa kugawanya 84 kwa 6 si kosa la nidhamu.

Lakini fimbo kali zaidi ni aibu. Mtoto akichekwa mara nyingi, hujifunza mbinu za kujificha: hunakili, husingizia tumbo, hufanya vituko ili acheke yeye kabla hajachekwa. Hatimaye huacha kuja. Katika mitaa ya Kariakoo kazi ya kumpokea haikosekani. Kuna mifuko ya kuuza, maji ya kuuza, mizigo ya kusukuma. Na huko, ajabu, anahesabu vizuri! Mwaka 1985 watafiti wa Recife, Brazil, walieleza habari za watoto wachuuzi waliopata karibu hesabu zote sokoni, lakini walipopewa hesabu zilezile kwa karatasi wakapata kidogo zaidi ya theluthi moja. Hao hawakuwa watoto wa mpakani, lakini somo lao linatufaa. Kabla ya kusema mtoto hajui, tuulize kama tumemuuliza kwa njia anayoielewa.

6. Yesu aliyerudia

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, aya ya 22 hadi 26, Yesu anamponya kipofu wa Bethsaida. Waamini wengi huisoma haraka. Tuisome polepole. Yesu anamshika mkono na kumtoa nje ya kijiji. Anamgusa, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwa unyofu: anaona watu, lakini kama miti inayotembea. Yesu hamkemei kwa kuona nusu. Hamwambii kwamba wengine walipona mara moja. Anaweka tena mikono juu ya macho yake, naye anaona vyote vizuri.

Tena mwinjili ameuweka muujiza huo mara tu baada ya mahali ambapo mitume wenyewe wanashindwa kuelewa habari ya mikate. Wazito wa kuelewa katika sura hiyo ni Mitume, msingi wa Kanisa! Nao pia waliguswa mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi.

Hapo tunapata njia nzima ya kumfundisha mtoto wa mpakani. Mshike mkono, yaani anza na uhusiano. Mtoe pembeni, usimpime mbele ya umati. Muulize ameona nini, umpe nafasi ya kukiri bila hofu kwamba hajaona vizuri. Kisha rudia.

7. Kanisa linataka nini?

Huenda msomaji akasema: shule ni ya serikali, sisi tufanye nini? Tuanze nyumbani kwetu. Je, ni watoto wangapi wamenyimwa Komunyo ya Kwanza kwa kushindwa kukariri majibu ya katekisimu?

Mtakatifu Papa Pius X, kwa hati Quam singulari ya Agosti 8, 1910, alifundisha kwamba ujuzi kamili wa mafundisho si sharti la kupokea Komunyo ya Kwanza. Mtoto anatakiwa ajue mafumbo ya msingi kwa kadiri ya uwezo wake, na aweze kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 777, inamtaka paroko ahakikishe kwamba mafundisho yanawafikia pia wenye vizuizi vya mwili au vya akili, kadiri hali yao inavyoruhusu. Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 unakwenda mbele zaidi: watu wenye ulemavu ni wahusika hai wa katekesi, si wapokeaji tu. Ikiwa Kanisa linasema hivyo juu ya mwenye ulemavu, tutamfungiaje mlango yule aliye mpakani?

Nasi mafrateri tujiulize jambo moja gumu. Sisi ni watoto wa mitihani. Tulifika seminari kwa kufaulu, tunapanda mwaka hadi mwaka kwa kufaulu. Ni rahisi kwetu kudhani kwamba anayefeli hakujitahidi. Basi tumkumbuke msimamizi wa maparoko, Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Alianza masomo amechelewa, Kilatini kikamshinda, na katika seminari ya Lyon alishindwa mtihani. Hatudai kwamba alikuwa wa mpakani, wala hatuna haki ya kumpima leo. Tunachojua ni kwamba alikuwako padre mmoja, Balley wa Écully, aliyemfundisha tena nyumbani kwake na kumwombea mtihani wa pili kwa lugha aliyoielewa. Alipewa upadre mwaka 1815. Kama Padre Balley angetosheka na karatasi ya kwanza, Kanisa lisingempata Mtakatifu wa Ars.

8. Tufanye nini Jumamosi ijayo?

Kwanza, tugawe somo vipande vidogo. Baba Yetu ina maombi saba. Ombi moja kwa juma, pamoja na ishara ya mikono, linatosha.

Pili, tutoe agizo moja kwa wakati mmoja. "Fungua daftari, andika tarehe, nakili sala, kisha uje hapa" ni maagizo manne. Mtoto wetu atabaki na la mwisho tu.

Tatu, tutumie vitu vya kushika: vizibo vya soda na maharage kwa hesabu, mshumaa, maji na mafuta kwa sakramenti. Tuweke mkate wa dukani mezani, kisha twende naye mbele ya tabernakulo na kumuuliza kwa maneno yake mwenyewe ni nani yumo humo. Jibu la hapo lina uzito kuliko ukurasa uliokaririwa.

Nne, tuanze kila kipindi kwa kurudia la juma lililopita, kwa watoto wote, ili kurudia kusiwe adhabu ya mmoja.

Tano, tumketishe na mwenzake mpole anayeelewa upesi. Wote wawili watafaidika.

Sita, tumpe kazi anayoiweza mbele ya watu: kubeba sadaka, kugawa vitabu, kupiga kayamba. Mtoto aliyeheshimiwa kwa jambo moja hupata nguvu ya kujaribu jingine.

Saba, tusibandike majina kwa kufuata alama. Tena jina la kilaza lisisikike ndani ya uzio wa kanisa, hata kwa utani.

Kwa wazazi tunaongeza neno: msimlinganishe na dada yake. Mpeni usingizi, uji wa asubuhi, na dakika kumi za kusoma pamoja kila jioni, hata kama ni kusoma mabango ya maduka mkiwa njiani. Na tusiione elimu ya amali, ambayo sasa ni mkondo mmojawapo wa sekondari, kama jalala la walioshindwa. Fundi mzuri wa cherehani hutegemewa na mtaa mzima.

Hitimisho

Mpendwa msomaji, mtoto wetu wa mfano hahitaji muujiza wala shule ya mbali. Anahitaji mtu mzima mmoja ambaye, baada ya kumfundisha na kumwona bado anaona watu kama miti, hatakasirika, bali ataweka mikono tena. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu, katekista, mama mwenye meza Mtaa wa Kongo, au frateri aliyetumwa kwa mwaka mmoja tu. Bwana atujalie uvumilivu ule alioutumia kwetu.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu yupo mtoto aliyeacha mafundisho kwa aibu? Nani atamtembelea juma hili?

2. Je, mtihani wetu wa Komunyo ya Kwanza hupima imani ya mtoto au kumbukumbu yake?

3. Ni nani aliyenigusa mara ya pili nilipokuwa sielewi? Nimewahi kumshukuru?